Waomba Chumvi

Mlango wa fundi magari ulifunguliwa kwa nguvu mpaka ukagonga ukuta. Fundi alisimama kizingitini kifua wazi, mkanda amejizungushia kiganjani, na kile chuma chake cha kufungia kikining'inia chini kikiwa na damu mbichi. Aliwatazama wanawake watatu waliosimama barazani kwake, akawauliza wanataka nini saa hizi.

"Chumvi," akasema Bi Dobi. "Tumeishiwa chumvi, baba. Tunaomba kijiko kimoja tu."

Ndivyo walivyofundishwa. Nesi mmoja mstaafu alikuwa amefungua nyumba ya hifadhi nyuma ya zahanati, akawakusanya wanawake wa mtaa na kuwaambia kwamba mwanamke jirani yao anapopigwa, wasikae vyumbani wakiongeza sauti ya redio. Waende. Lakini wasiende peke yao, na wasiende na matusi. Wabishe hodi, waombe kitu kidogo cha kijinga, ili mkono ulionyanyuliwa ushuke ufungue mlango. Mwanamume akiwa bado anatafakari habari za chumvi, mmoja wao awe ameshapenya ndani kumtoa aliyepigwa. Na kila mmoja awe na filimbi shingoni. Mtaa mzima uliwacheka. Vijana wa kijiweni wakawabandika jina la Waomba Chumvi, na wakipita walikuwa wanaulizwa kama hawahitaji na pilipili. Baada ya muda jina likazoeleka, na hata wenyewe wakaanza kujiita hivyo.

Siku hiyo fundi magari hakutafakari sana. Mkono ulipanda, na kile chuma kikampata Msusi, mmoja wa wale watatu, mdomoni. Jino lake la mbele likaruka likaangukia kwenye ndoo ya maji. Kabla mkanda haujarudi juu, Tingatinga, muuza mkaa, mwanamke aliyekuwa akibeba gunia zima mgongoni bila kuhema, aliingia na mwili wake wote akamgandamiza fundi ukutani kwa tumbo na kifua mpaka macho yakamtoka. Bi Dobi akainama akapita chini ya mikono yao, akaingia chumba cha ndani.

Mke wa fundi alikuwa nyuma ya kitanda. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea pembeni kama nguo iliyochoka kukamuliwa, na mfupa umeinua ngozi juu kidogo ya kiwiko. Bi Dobi alimfunga shuka, akamtoa, na alipofika barazani akapuliza filimbi kwa pumzi zake zote. Milango ikafunguka mtaa mzima. Fundi alipoona macho yale yote akanywea, akaanza kueleza watu kwamba mkewe ana kiburi.

Njiani kwenda kwa Nesi, Msusi alishika kitambaa mdomoni na kusema kwa shida kwamba jino lenyewe lilikuwa linamsumbua tangu zamani, fundi kamwondolea safari ya hospitali. Walicheka.

Bi Dobi alirudi nyumbani na damu ya mtu mwingine kwenye gauni. Kijana wake ndiye aliyempokea. Alilichukua lile gauni, akalirowesha kwenye maji baridi, kwa sababu damu ukiitia maji ya moto haitoki tena, akalisugua mwenyewe taratibu mpaka likatakata. Akamuuliza mama yake ilikuwaje, na aliposimuliwa akatikisa kichwa.

"Wanaume wengine ni wanyama, Mama," akasema.

Wateja walimwita Mpole. Nyumba yao ilikuwa ya udobi tangu enzi za marehemu baba yake. Chumba cha mbele kilikuwa na meza mbili za kupigia pasi, rafu ya nguo zilizokunjwa na redio. Nyuma kulikuwa na ua wenye mabeseni ya saruji, kamba za kuanikia, na jiko la mkaa la kuchemshia wanga wa kukazia kola na shuka. Bi Dobi alikuwa na chumba chake upande mmoja wa ua. Mpole, mkewe na binti yao mdogo walikaa upande wa pili. Mkwe alifua, Mpole alipiga pasi, Bi Dobi alipeleka nguo kwa wenyewe. Mpole hakunywa pombe, hakupaza sauti, na mteja akija na maneno makali yeye ndiye aliyeomba radhi hata pale asipokuwa na kosa. Marehemu baba yake naye hakuwahi kumnyanyulia Bi Dobi hata kidole, na alipokuwa amekasirika sana alienda kukaa chini ya kamba za nguo akaimba vibaya mpaka mke wake acheke. Bi Dobi aliwaambia wanawake wenzake mara nyingi kwamba katika jambo hili yeye Mungu amempendelea.

Ilikuwa Jumatatu, siku ya shuka za nyumba ya wageni, yeye na mkwe wake walipokuwa wanakamua shuka moja nzito, kila mmoja ameshika pembe zake na kuzungusha. Mkwe alivuta, blauzi ikapanda mgongoni. Bi Dobi akaona.

Katika nyumba ya dobi kila mtu ana makovu ya moto. Yake mwenyewe yalikuwa vidoleni na kwenye vifundo vya mikono. Lakini hili lilikuwa katikati ya mgongo, chini kidogo ya bega, lenye ncha mbele na upana nyuma, umbo zima la pasi, na lilikuwa bado linatoa majimaji. Pembeni yake lilikuwepo lingine lililokwisha kupona.

"Nini hicho, mwanangu?"

Mkwe alishusha blauzi. Akasema aliegemea pasi bila kuona.

Hakuna mtu anayeegemea pasi. Bi Dobi alilijua hilo, na mkwe alijua kwamba analijua. Walisimama na shuka katikati yao, maji yakidondoka, halafu mkwe akaanza tena kukamua na Bi Dobi naye akakamua.

Jioni alimwita mwanawe chumbani kwake akamuuliza. Mpole hakukana. Alipiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Alisema shetani alimpitia, alisema kazi zimekuwa nyingi na mke wake hana adabu anapochoka, alisema hatarudia, na akaapa kwa kaburi la baba yake. Bi Dobi alimpapasa nywele. Alijiambia kwamba hili ni la ndani, ni la kuongelea ndani, na kwamba yeye kama mama atakaa macho. Kesho yake alinunua dawa ya kuungua akamwachia mkwe wake juu ya kitanda. Mkutano wa Waomba Chumvi ulipofika, alikaa mbele kama kawaida. Nesi alipouliza kama kuna nyumba yoyote ya kuangaliwa, Bi Dobi alivaa miwani ya mbao, akataja nyumba ya mtu mwingine.

Ijumaa alitoka mchana kupeleka shuka. Aliporudi, kapu tupu kichwani, aliikuta redio ya chumba cha mbele imefunguliwa mpaka mwisho, mtangazaji wa mpira akipiga kelele. Mlango wa mbele, ambao mchana haukufungwa hata siku moja kwa sababu ya wateja, ulikuwa umefungwa. Mjukuu wake alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameziba masikio kwa viganja.

"Baba amesema nisiingie mpaka mpira uishe," akasema yule mtoto.

Bi Dobi alitua kapu. Redio ile. Mara ngapi alikuwa chumbani kwake akiisikia inapanda, akajisemea kwamba kijana anapenda mpira.

Aligonga. Redio haikushuka. Aligonga tena kwa ngumi zote mbili, na sauti ya mwanawe ikaja kutoka upande wa pili wa ubao, tulivu kabisa, sauti ile ile ya kuwaomba radhi wateja.

"Mama, nenda kapumzike. Tunaongea tu."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kitu kinachokoroma.

Bi Dobi alisogea mlangoni. Alijua linalotakiwa kusemwa kwenye mlango wa namna hii. Alikuwa amelisema kwenye milango ya watu zaidi ya mtu yeyote mtaani.

"Fungua, baba," akasema. "Nimeishiwa chumvi."

Ndani mtangazaji akaendelea kupiga kelele. Halafu Mpole akacheka kidogo.

"Hata mimi, Mama?"

Kisha kikasikika kishindo, meza ikaburuzwa, na mkwe akapiga yowe moja lililokatwa katikati. Bi Dobi akaweka filimbi mdomoni. Kwa kitambo kifupi sana pumzi iligoma. Aliona sura za watu watakaofika, Tingatinga, Msusi na pengo lake, mke wa fundi magari na mkono wake wa plasta, wote wakija kubisha hodi kwa Bi Dobi. Akapuliza. Akapuliza tena mpaka kifua kikamuuma. Kisha, badala ya kuwasubiri wenzake kama walivyofundishwa, alizunguka mbio kupitia ua.

Sufuria la wanga lilikuwa juu ya jiko linatokota. Hakumbuki alivyolinyanyua akapita nalo mlango wa nyuma. Madaktari ndio walioona baadaye kwamba mikono yake miwili iliungua kwa vishikio.

Mkwe alikuwa amelazwa kifudifudi juu ya meza ya pasi. Taya lake lilikuwa limehama, limekaa upande, na damu na mate vilikuwa vimeenea kwenye shuka nyeupe ya wageni ambayo kwa pembe moja ilikuwa na doa la kuungua. Doa hilo ndilo lililokuwa kosa la mkwe, kwa kuwa siku hiyo alimsaidia mumewe kupiga pasi. Mpole alikuwa amemkandamiza shingo kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia ameshika pasi. Chumba kilinuka nyama.

Bi Dobi alimwita mwanawe kwa jina alilompa siku aliyomzaa. Hakugeuka. Alikuwa anamwambia mkewe kwa upole, kama anamfundisha kazi, kwamba shuka ikiungua haiponi, je, yeye ameelewa, na pasi ikashuka tena.

Akammwagia wanga. Wote. Ulimwangukia begani ukatiririka mkono mzima wa kulia, na wanga hautiririki ukaondoka kama maji, unashika. Mpole alitoa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia kwa kiumbe yeyote. Akageuka na pasi ingali mkononi, akampiga nayo mama yake juu ya sikio. Bi Dobi akaanguka chini ya rafu. Nguo za watu zikamporomokea. Kupitia nguo hizo aliona miguu ya mwanawe ikija, akaona kiatu kikirudi nyuma, na teke likamwingia mbavuni, na lingine, na lingine. Alikuwa anamwita, "Mwanangu, mimi, ni mimi," na Mpole alikuwa anamjibu kila teke likishuka, "Najua, najua."

Mlango wa mbele uling'oka pamoja na bawaba zake. Tingatinga alikuja nao mikononi kama trei. Nyuma yake wakamiminika wengine, na hakuna aliyeomba chumvi. Walimwangusha. Walimpiga kwa viatu, kwa viango vya nguo, kwa mguu wa meza uliovunjika. Msusi alimkalia kifuani akimpiga ngumi za uso huku analia. Mke wa fundi magari, kwa mkono wake mmoja mzima, alikuwa amechukua pasi kutoka sakafuni na anatafuta pa kuiweka.

Nesi alifika anahema. Alijitupa juu ya Mpole, mwili wake mkavu wa kizee ukamfunika, na vipigo viwili vitatu vikampata yeye kabla watu hawajamtambua.

"Mkimuua mtafungwa nyinyi," akasema. "Yeye atazikwa kwa heshima. Nileteeni maji mengi. Na mtu amwangalie yule mtoto mlangoni."

Mjukuu alikuwa amesimama pale mlango ulipokuwa. Viganja bado vilikuwa masikioni.

Taya la mkwe lilifungwa kwa nyaya. Sikio lake la kulia halikusikia tena. Mgongoni na shingoni alikuwa na majeraha manne mapya ya pasi, na daktari akaandika na yale ya zamani. Bi Dobi alishonwa kichwani na kuambiwa mbavu zitajiunga zenyewe. Mpole ngozi ya mkono wake wa kulia ilitoka nzima, na alilazwa wodi ya wanaume, mkono wa kushoto umefungwa pingu kitandani.

Baba mdogo wa Mpole alikuja kutoka mbali na ndugu wawili wa ukoo. Walimpa pole, wakanywa chai, kisha wakaingia kwenye lililowaleta. Mambo ya ndani yabaki ndani. Kilichotakiwa ni Bi Dobi kuwaambia polisi kwamba sufuria liliwaangukia wote watatu, ilikuwa ajali ya kazi. Bi Dobi akawaambia hapana.

"Shemeji," akasema baba mdogo, "umemuunguza mwanao kwa mkono wako. Sasa unataka umfunge kwa mdomo wako?"

Bi Dobi hakugombana naye. Alimsimulia. Alianza na harufu, akaendelea taratibu, taya lilikaa vipi, pasi ilishikwa vipi, mwanawe alikuwa anasema nini wakati anaishusha. Alipofika kwenye "Najua, najua," ndugu mmoja alikuwa ameshatoka nje. Baba mdogo aliondoka chai yake ikiwa nusu, na hakuja tena.

Nyumba ya hifadhi ilikuwa na geti la bati la kijani. Bi Dobi alikuwa amelipita mara nyingi akiwa amemshika mkono mwanamke wa mtu. Sasa alisimama nje yake, na Nesi alitoka kumwambia kwamba mkwe wake hayuko tayari kumwona, na kwamba humo ndani wanawake wenyewe ndio wanaoamua nani aingie. Alisema hivyo bila ukali, kama alivyokuwa akiwaambia kina mama wa wanaume wengine. Bi Dobi akarudi nyumbani. Alirudi tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Alileta nguo za mtoto zilizopigwa pasi, akaziacha getini.

Siku moja akaruhusiwa. Mkwe alikuwa amekaa kitandani, amekonda, anaongea bila kufungua meno, kwa hiyo maneno yalitoka membamba na yaliyobanwa, na ilibidi Bi Dobi asogee karibu kabisa upande wa sikio zima.

"Uliona mgongo wangu Jumatatu, Mama."

"Niliuona."

"Kabla ya hapo ulikwenda kwa fundi magari. Jino la watu likatoka. Kwangu ilikuwa kuvuka ua."

Bi Dobi alikuwa amejiandaa kwa mengi njiani. Alikuwa na maneno kuhusu uzazi, kuhusu aibu, kuhusu mtoto aliyemlilia mapajani. Yote akayaacha.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuona, nikamwangalia yeye."

Mkwe alifumba macho. Nje watoto wa wanawake wengine walikuwa wanagombania baiskeli.

"Mimi msamaha sina leo," akasema. "Usiniombe. Nenda ukaseme mahakamani. Useme na ya Jumatatu."

Alikwenda akasema. Alisimama kizimbani akisaidiwa na reli ya mbao, akasema ya Ijumaa, na hakuna aliyemuuliza lakini akasema na ya Jumatatu, kwamba aliona akanyamaza. Wakili wa Mpole akamuuliza kama ni kweli yeye ni kiongozi wa kikundi cha wanawake wanaochukia wanaume, na kama anamchukia mwanawe. Bi Dobi alimtazama Mpole. Walikuwa wamempunguza nywele vibaya. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja, ngozi mpya imevutana, ya waridi, na hatapiga tena pasi kwa mkono ule. Alijibu kwamba anampenda, kwamba hata asubuhi hiyo alijiuliza kama amekula. Halafu akasema kwamba kama angekuwa na sufuria lingine siku ile, angelimwaga nalo.

Mpole alifungwa miaka mingi. Askari walipompitisha alisimama mbele ya mama yake, akasema "Mama" tu, kwa ile sauti ya kuomba radhi, na Bi Dobi akageuza uso. Tingatinga alimshika kwapani, akamtoa nje, na pale kwenye ngazi za mahakama Bi Dobi aliketi akainamisha kichwa.

Alipoinua uso, mkwe wake alikuwa anashuka ngazi na dada yake, aliyekuja kuwachukua kwenda kuishi naye mji mwingine. Mtoto alikuwa katikati yao. Alimwona bibi yake, akachomoa mikono yote miwili akakimbia. Dada mtu aliita jina la mtoto kwa ukali. Mkwe akamgusa dada yake begani, naye akaacha kuita.

Mtoto alikuwa ameshafika. Alishika gauni la Bi Dobi, akaliangalia lile kovu juu ya sikio kwa makini, akauliza kama bado linauma. Bi Dobi akasema kidogo. Akamtazama mkwe wake juu ya kichwa cha mtoto, akisubiri kuambiwa amwachie.

Mkwe alibadilisha begi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Hajala tangu asubuhi," akasema. Bado hakuweza kufungua mdomo sawasawa. "Mtafutie kitu. Gari letu linaondoka jioni, tutakuwa kituoni."

Akaendelea kushuka na dada yake bila kugeuka. Mtoto akanyanyua mikono kuomba kubebwa. Tingatinga akataka kumchukua yeye, akasema mbavu za Bi Dobi hazijapona, lakini Bi Dobi akamwambia amshikie tu mkoba, akainama na kumnyanyua.